Samli Kwenye Gurudumu

Jumatatu, 7 Machi 1966
Nimemwaga oili ya lori la dereva Abdi. Nyeusi, nzito, mchanga tele. Chujio la hewa nimeliosha kwa mafuta ya taa. Nati za springi nimezikaza zote. Garissa nzima hakuna anayekaza kama mimi, naandika hili bila haya. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika. Kisomali chetu kinabaki mdomoni.

Alhamisi msafara unakwenda Wajir, askari mbele na nyuma. Tangu vita vianze, lori likiharibika njiani linaachwa hapo hapo. Abdi akirudi atamleta mama yangu kutoka huko. Mwaka wa pili huu sijamwona.

Jumanne, 8 Machi
Nimevua gurudumu la nyuma. Beringi zinanuka kama jiko la harusi. Samli! Grisi ilimwishia Abdi kule Bute, akapaka samli ya ng'ombe. Kwetu samli hupakwa kila kitu: vibuyu, ngozi, nywele, kidonda cha ngamia. Akaona chuma nacho kitashukuru. Imeyeyuka yote, beringi kavu, zimeanza kugeuka buluu kwa joto.

Abdi amenijia juu. "Walaal, ndugu yangu, gari natembea! Mgonjwa hakuna, kwa nini wewe nabasua tumbo yake?"

Nikamuuliza kama baba yake hakuwa akikagua nyayo za kila ngamia kabla ya kuhama, hata za ngamia wazima. Kisha akadai gurudumu lake. Nimemnyima.

Kwetu wengi hudharau kazi ya chuma. Mama ni mmoja wao. Alisema nimeacha ngamia nikalale chini ya magari. Iliniuma. Bado inaniuma.

Jumatano, 9 Machi
Grisi hakuna dukani. Lori la Nairobi halijafika. Abdi amekaa mlangoni na fimbo yake. Naogopa. Lori likikosa msafara kwa ajili yangu, mimi ndiye niliyemwacha mama kule.

Saa tisa nimekwenda mtoni kwa Mutua, mwangalizi wa pampu ya maji. Amenipa nusu kopo. Mimi nitamkagulia pampu yake kila mwezi. Tumepeana mikono.

Nimemaliza magurudumu yote kabla ya saa ya kafyu. La nyuma nimelizungusha kwa kidole kimoja. Halikutoa hata mlio. Nimesimama nikalitazama tu.

Alhamisi, 10 Machi
Wameondoka. Abdi hakuniaga.

Jumatatu, 14 Machi
Habari mbaya sokoni. Lori moja la msafara limeachwa mchangani mbele ya Mado Gashe, njia ya Wajir. Gurudumu la nyuma limeganda. La nani? Hakuna anayejua. Nimerudia kila nati kichwani, moja moja. Hakuna niliyoisahau. Hata hivyo naanza tena ya kwanza.

Jumatano, 16 Machi
Hakuna habari. Nimemkaripia mteja bure. Nimeona aibu.

Jumamosi, 19 Machi
Wamefika! Lililoachwa ni la mtu mwingine.

Mama ameshuka kutoka kiti cha mbele, mwembamba, vumbi hadi kwenye kope. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda kwenye gurudumu la nyuma, akaweka kiganja, vile anavyopima joto la mguu wa ngamia. Akakiacha hapo kidogo. Kumbe Abdi alimsimulia mambo yote njiani, hata samli.

"Njia nzima hakuchechemea," mama akasema juu ya lori.

Kisha akanishika uso kwa mikono miwili. Nimelia mbele ya watu na sijali. Abdi alikuwa anafuta kioo ambacho hakikuwa kichafu.

Jumatatu, 4 Aprili
Mvua ya kwanza alfajiri. Vumbi limetulia.

Abdi ameleta lori. Nikamuuliza lina nini.

"Haina kitu, walaal."

Akanipa ufunguo, akaenda kunywa chai.

Nimepiga jeki, nimevua gurudumu. Grisi bado nzuri. Mama alitoka nyumbani na kigoda chake, akaketi karibu yangu. Sikumwita. Nati zote amezipakata kwenye upindo wa shuka lake, na mafuta yameingia kwenye kitambaa. Nikinyoosha mkono, ananipa moja.