Bangili za Nadjma

Mahabibo, Mahajanga
12 Machi 1963

Mwanangu Nadjma,

Nakusalimu wewe na mumeo Fazul. Mguu wangu umeacha kuuma, alhamdulillahi. Nyinyi huko Dzamandzar mna afya? Kiwanda cha sukari hakimchoshi sana Fazul?

Nina haja ndogo. Zile bangili za dhahabu nilizokuvika siku ya arusi, nitumie kwa msafiri mwaminifu. Sonara wa hapa anasafisha vizuri. Utazipata kabla ya Idi.

Mama yako,
Bahia

Dzamandzar, Nosy Be
30 Machi 1963

Mama yangu,

Nashika miguu yako. Nimefurahi mguu umepoa. Sisi wazima kabisa.

Bangili bado zinang'aa, mama, hazihitaji sonara. Tena nikitembea bila bangili, majirani watauliza. Fazul amepandishwa cheo, na tumenunua redio. Nakutumia leso mpya uvae Idi.

Mwanao,
Nadjma

Mahabibo
19 Aprili 1963

Mwanangu,

Leso imefika, Mungu akuzidishie. Afya ninayo, lakini usingizi sina, na sababu sikukwambia.

Unajua fedha za upatu wa wanawake wa mtaa wetu zinawekwa kwangu. Kila mmoja huleta sehemu yake, na zamu ikifika mwenye zamu hupokea zote. Arusi yako ilipokaribia nilichovya humo, mara ya kwanza kidogo, kisha nikazoea. Nilijiambia nitarudisha kabla mtu hajajua. Watu wakala, wakasifu, nami nikapenda kusifiwa.

Sasa zamu ni ya jirani yetu Rahamatou, ambaye kimbunga kilimwezulia paa. Jana alikuja. "Dada Bahia, mafundi wananingoja," akasema. Nikamwambia ufunguo wa sanduku umepotea. Akapiga magoti kunisaidia kuutafuta, chini ya mkeka, chini ya kitanda. Mwanangu, ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la nguo yangu, na nikamwacha atafute.

Nitumie bangili niziuze.

Mama yako

Dzamandzar
8 Juni 1963

Mama,

Naomba barua hii ikukute mzima. Idi imepita sijakuandikia, na meli zimeondoka nikiziona. Nilikosa uso.

Bangili sina. Niliziweka rehani kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini Andoany. Fazul hakupandishwa cheo. Redio tuliichukua kwa mkopo, na ile leso yako pia. Siku ya mshahara wenye maduka walikuwa wakimsubiri mlangoni mwa kiwanda, mbele ya wenzake, naye akawa anarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi nilikuwa nikivaa vizuri na kwenda kumwamkia huyu na yule.

Redio tumeirudisha. Fazul amesema, "Tusichoweza kukilipia leo, tukiache dukani." Mshahara ukitoka, kabla hatujanunua hata mchele, tunatoa kwanza fungu la deni lako. La mwezi huu analo mleta barua. Ni dogo, naona haya kulituma.

Waambie wanawake kosa si lako peke yako. Ni mimi niliyesema siolewi kwa bangili chache kuliko za binti wa mama mdogo.

Mwanao

Mahabibo
2 Julai 1963

Nadjma wangu,

Mimi mzima. Msalimie Fazul, mwambie sina kinyongo naye.

Fungu limefika, nimelipeleka siku ile ile. Sikungoja jibu lako. Idi ilipopita niliwaita wanawake wote nikasema. Hakuna aliyenitukana. Rahamatou ndiye aliyesema tu, "Ungeniambia huna, ningengoja. Lakini uliniacha nikatafuta."

Sanduku sasa liko kwa mwenzetu wa upatu, Kouraichia, na ufunguo uko nyumba nyingine. Mimi bado naleta sehemu yangu, ila zamu zangu wanapewa wengine mpaka deni liishe. Asubuhi nauza mikate ya kumimina. Fedha ya unga naiweka mbali na faida, na faida naila nusu tu. Ningejua haya nikiwa na umri wako.

Rahamatou ananunua mikate kwangu kila siku, na ananiamkia vizuri. Zamani nikimpa chenji alikuwa akiitia kapuni bila kuitazama. Siku hizi anasimama mbele yangu, anaihesabu, ndipo anakwenda.

Mama yako,
Bahia