Mti Mwembamba wa Dirishani

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, ukiacha goti la kulia ambalo siku hizi linalia kuliko cherehani. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu? Nimefurahi kusikia kifua kimekuachia. Endelea kujifunika vizuri, usijifanye msichana.

Umeniuliza waziwazi, kama kawaida yako, kama nimeamua kuishi peke yangu mpaka nizikwe, maana mwaka wa tatu umetimia tangu wifi yako atutoke. Nitakujibu. Ila itabidi nianze na habari za mti. Najua umeshaguna, lakini vumilia.

Unakumbuka dirisha la chumba changu cha kushonea linatazamana na jiko la jirani, na katikati kuna kiukanda cha udongo ambacho mbuzi akiingia hutoka kinyumenyume. Jirani ni yule muuguzi mjane. Asubuhi moja alikuja mlangoni, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akasema kwamba hospitalini anatazama miili ya watu kutwa nzima na analipwa kwa hilo, lakini kumtazama muuza nyama akijaribu suruali zangu wakati yeye anakunywa chai ni kazi ya bure. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaahidi pazia zito, halafu nikakumbuka kwamba bila mwanga ule siwezi kupitisha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Macho yenyewe ndiyo haya. Tukakubaliana nipande mti: wa kijani mwaka mzima, mwembamba, uzibe kiwiliwili cha mteja na kuniachia mwanga pembeni.

Nikaenda peke yangu kwenye kitalu cha miche, futi yangu ya kitambaa shingoni. Nikachagua msonobari wenye sura nzuri, nikaupima kiuno na mabega kama bwana harusi, nikaona unaingia kwenye ukanda wetu bila kubana. Nikaupanda kwa mbwembwe. Muuguzi akaja kuutazama, akauliza ukikua utafika wapi. Dada, sikuwa nimeuliza! Mimi, ninayeacha pindo la vidole vinne kwenye sare ya kila mtoto wa shule ili imfikishe mwaka wa pili, niliupima mti kana kwamba umeshamaliza kukua. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe jamaa yule hufikia paa, na unene wake ni wa kabati la nguo. Nikaung'oa nikampa muuza nyama, mwenye uwanja mpana, naye tangu siku hiyo ananiita Fundi Pindo. Hata wateja wapya wanaulizia kwa jina hilo.

Mara ya pili muuguzi alisema haniamini, tukaenda wote. Alimhoji mwenye kitalu kama anampokea mgonjwa: urefu wa uzeeni, upana wa uzeeni, mizizi ina tabia gani karibu na ukuta, jua la nusu siku litautosha, maji yakituama itakuwaje. Tukaonyeshwa misonobari kibete, ile mifupi kwa kuzaliwa, na kati yake inayosimama wima kama mshumaa bila kutanua matawi. Mmoja ungeziba dirisha baada ya miaka michache, kisha ungedai mkasi kila mara. Mwingine haukunifika hata gotini, na mwenye kitalu akatuonya kwa uaminifu kwamba kwa mwaka huongezeka upana wa kiganja tu. Kuziba dirisha tungoje miaka kumi. Muuguzi akasema tuchukue huo huo. Nikamuuliza, na muuza nyama je? Akasema haraka haraka haina baraka. Nikadhani ni hekima ya kitabibu, nikaubeba.

Tukaupanda. Kila jioni anakuja na kopo la maji, ingawa mti ni wangu na maji ninayo. Akimaliza kumwagilia anaegemea dirishani tunazungumza, mimi nikipiga pasi. Juzi muuza nyama aliuliza kwa nini nisitundike shuka kwenye kona ya chumba, watu wabadilishie nguo nyuma yake. Dada, kazi ya dakika chache! Nikaifanya siku ileile, na jioni nikamtangazia muuguzi kwa fahari kwamba tatizo limekwisha, hata mti hauhitajiki. Akasema la shuka alilijua tangu asubuhi ya kwanza. Wodi yao nzima imegawanywa kwa mapazia.

Nikaisahau pasi juu ya koti la mtu mpaka likaanza kufuka moshi.

Basi jibu lako ni hili: hapana, sitaki kuishi peke yangu. Nimemwomba tuoane, naye amekubali nusu. Nusu nyingine ameiweka kwako. Anajua wewe na wifi yako mlikuwa chanda na pete, na kwamba baada ya mama ni wewe uliyenilea. Amesema hatavuka kizingiti changu kama utamwona ni mtu aliyekuja kumfuta mwenzako. Nilitaka kumhakikishia kwamba dada yangu hana neno, nikaona nikuulize kwanza, kwa sababu sijui kama huna. Mimi mwenyewe kuna asubuhi natenga vikombe viwili, kisha nabaki kujiuliza cha pili ni cha nani.

Kama moyo wako unakataa, niambie bila kunizungusha. Nitabaki jirani mwema. Kama umeridhika, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, kwa mwandiko wako, hata mistari miwili.

Msalimie shemeji na wote waliomo nyumbani, na yeyote atakayeniulizia mwambie nipo. Lakini usikawie, dada. Mti una miaka kumi ya kungoja. Mimi nina hamsini na sita.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi