Mkoba Nyuma ya Kaunta

Toledo, Ohio
14 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Mwavita,

Assalaam alaikum. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Kikohozi cha shemeji Hamisi kimepungua? Mimi mzima, isipokuwa macho, ambayo siku hizi yanataka taa hata mchana. Huku majani yamekwisha kupukutika na baridi imeanza kubisha hodi.

Barua yako nimeirudia mara nyingi. Unauliza nini kinanizuia kurudi nyumbani Buyenzi, wakati vita vilikwisha, chumba umekipaka chokaa, na katika ndugu tumebaki sisi wawili tu. Jibu nimelipata juzi darasani, wala sikulifurahia.

Bado nafundisha vijana wa chuo sheria ya nchi hii. Huku hawakaririshwi vifungu. Unawapa kesi, unamsimamisha mmoja aieleze, na upande wowote atakaoushika wewe unashika wa pili. Juzi ilikuwa kesi ya mama aliyeshukiwa wizi dukani. Mwenye duka alichukua mkoba wake akauweka nyuma ya kaunta. Hakumgusa, wala hakufunga mlango. Mama alikaa pale hadi jioni. Je, kisheria alifungiwa?

"Wapi!" alisema Kayla, binti asiyeogopa mtu. "Mlango wazi, miguu anayo. Si angejiondokea zake?"

"Bila mkoba?"

"Mkoba tu huo, profesa!"

"Sikia huyu," Terrence akadakia. "Juzi kasahau simu kwenye basi, kalia kama kafiwa!"

Darasa likaangua kicheko. Kayla naye akacheka, kisha akanigeukia. "Haya, profesa, kila siku unauliza wewe tu. Ungekuwa wewe, ungeondoka?"

Desturi ni mwalimu kurudisha swali. Mimi sikulirudisha, nikawasomea hukumu: mama alifungiwa, kwani aliyeshika kitu usichoweza kukiacha amekushika wewe.

Mwavita, wifi yako Loretta sasa yuko katika nyumba ya kutunzia wazee. Hanitambui. Ananidhania mtu wa posta. Kila nikiingia hunigombeza, "Umechelewa tena, bwana! Barua zangu ziko wapi?" Nami humpa zako. Huzishika juu chini, akatulia. Wauguzi huniambia, "Nenda tu, mzee, hatajua."

Kweli hatajua. Pasi ninayo, nauli ninayo, na hakuna wa kunilaumu. Mlango uko wazi, na mimi nimekaa.

Kile chumba mpe mwanao Sauda alale na wanawe, chokaa isipotee bure. Ila usiache kuniandikia. Kuna mtu huku anazingoja barua zako kila siku.

Nisalimie shemeji, Sauda na watoto, na bibi Mwamini wa nyumba ya pili kama bado anaikumbuka sauti yangu. Mungu akupe afya na akulinde hapo ulipo, mahali ambapo mimi siwezi kufika.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu ukibebwa mgongoni,
Yasini