Kengele ya Nyuma ya Kilima

Nyumba za Wafanyakazi,
Upande wa Shimo la Tano,
Kiwanja cha Gofu na Bustani ya Umma.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa Shemeji,

Kabla kalamu haijanichoka, nakusalimu. U hali gani huko uliko? Goti lako bado linatabiri mvua? Na bwana wako, yule mwenye kukoroma kama jenereta ya kukodi, mnalala salama? Wajukuu nasikia wameongezeka. Waambie wapunguze kasi, majina yatatuishia.

Sisi huku tu wazima. Nasema wazima kwa maana kwamba asubuhi tunaamka. Juzi nilikunywa chai kikombe kizima hadi tone la mwisho, ndipo binti yangu, ambaye ni wako pia, akaniuliza mbona sukari yangu bado iko kwenye kijiko. Sikuwa nimeona tofauti. Usianze kupiga simu kwa madaktari, siumwi. Meno yangu yote yapo, isipokuwa yale yaliyoondoka kwa hiari yao.

Barua yako ilifika salama. Imekaa juu ya kabati muda mrefu, nami nikawa naipita kama mtu anayemkwepa mdai wake. Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli matajiri wamekichukua kiwanja chetu, na mdogo wako, mke wangu, aliondokaje hasa, maana wakati ule kwenye simu nilikuwa nakupiga chenga. Nitaanza na la matajiri kwa sababu lina vichekesho. La pili nitalifikia. Usiruke kurasa, nakujua.

Hawajakichukua, Shemeji. Wamekichangia. Kiwanja kimebaki cha umma, na ukija utaingia bustanini bure kama zamani. Ila unakumbuka kilivyochakaa. Mabomba yanavuja, bwawa limegeuka mji wa vyura, nyasi za shimo la tisa zimekufa hata mimi bingwa wa nyasi nikazitoa kwenye maombi yangu. Manispaa ilituahidi mbegu kila mwaka, tukawa tunapanda ahadi. Ndipo wenye uwezo waliokulia hapa wakasema tuchange, kiwanja kisanifiwe upya, na bustani iwe na njia ya watu wa kawaida. Kutoa ni moyo, si utajiri, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini nimejionea kwamba utajiri ukikutana na moyo, katapila hufika mapema.

Mkubwa wao tunamwita Mzee Saruji. Kiwanda chake ni cha saruji na uso wake pia ni wa saruji. Alianza maisha hapa hapa, akiwabebea wachezaji mifuko ya fimbo, kwa hiyo kila shimo analijua kwa mabega. Yeye na wenzake wamemleta msanifu, binti mmoja mwembamba mwenye buti kubwa kuliko zangu, anayetembea na vigingi kwapani kama anakwenda kupiga hema. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba mimi nimeendesha lori katika nchi za watu na nimeviona viwanja vya kila namna, hata kimoja cha jangwani ambacho badala ya nyasi kina mchanga uliomwagiwa mafuta. Aliandika yote. Tangu hapo naheshimika sana, maana sikumwambia kwamba niliviona kupitia dirisha la lori, tena nikiwa nimechelewa.

Sasa nikukumbushe kilima, kwa sababu mambo yote yako hapo. Shimo la tano lina kilima katikati. Mchezaji husimama upande huu, wa nyumba zetu, akaupiga mpira kuuvusha asikokuona. Ndiyo maana upande wa pili kuna kengele kwenye nguzo. Waliotangulia wakishasogea pembeni huvuta kamba mara moja, na wa nyuma ndipo hupiga. Bila kengele unampiga mtu. Ni sheria ya zamani kuliko mimi, na mimi si wa jana.

Lakini mimi na mdogo wako tulikuwa na sheria yetu. Jioni, wachezaji wakishaondoka, nikimaliza kukata nyasi upande ule nilivuta kamba mara mbili. Yeye akisikia huku nyumbani, anabandika sufuria. Nikishaosha mashine na kuvuka kilima, nakuta chakula kinafuka moshi. Wenzangu walinitania kwamba nimeoa kwa kengele kama shule. Niliwajibu kwamba wao wanapiga simu na bado wanakula viporo.

Alipoondoka niliendelea kuivuta. Sikupanga. Mkono ulikuwa ukienda wenyewe, nami nikiutazama kama mkono wa jirani. Binti yako alivumilia, kisha jioni moja alinisubiri mlangoni.

"Baba, unampigia nani?"

Nikamwambia naipima kama inafanya kazi. Akaingia ndani akabandika sufuria. Ikawa hivyo kila jioni. Mimi napiga, yeye anabandika.

Basi, wafadhili siku moja walileta wageni wao jioni, waonje kiwanja kabla hakijafumuliwa. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mchezo saa hizo. Nilikuwa upande wa kengele, nimemaliza kazi, nikavuta mara mbili kama kawaida. Kule nyuma wakasikia kengele, wakajua njia nyeupe, wakapiga. Mazoea yana taabu, Shemeji. Mpira ulinikuta begani.

Sikiliza ajabu. Niliusikia mlio, kama gunia limeangushwa chumba cha pili. Maumivu sikuyasikia. Msanifu alikuwa karibu akipigilia vigingi vyake, akaja mbio, buti zinamwacha nyuma. Akaniuliza kama nimeumia. Nikamjibu auangalie mpira kwanza. Alicheka, kisha akaliona bega linavyovimba ndani ya shati, akaacha kucheka. Kwenye zahanati muuguzi alinibonyeza hapa na pale akiniuliza panauma, nami nikawa namwangalia usoni nijue jibu analolitaka.

Kabla ya siku ile kilima kilikuwa salama. Mzee Saruji alishasema kisiguswe, kwa maana alikipanda na mifuko ya watu akiwa hana viatu. Lakini baada ya bega langu msanifu akasimama kidete. Akasema njia mpya ya watu wanaokwenda zahanati na kituo cha basi lazima ipite pale pale, na siku ya pili atakayepigwa hatakuwa mzee mwenye bega la chuma, atakuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Ubishi ukawa mkubwa. Mwishowe wakakubaliana wamsikie mfanyakazi wa siku nyingi kuliko wote. Yaani mimi.

Nilijiandaa, usidhani. Shule niliiacha njiani lakini maneno sikuyaacha. Nilisimama mbele ya kioo nikakitetea kilima hadi kioo kikaingia ukungu. Kikiondoka kilima, kengele haina kazi. Ikikosa kazi kengele, jioni nitavuta nini? Hilo ndilo nililotaka kuwaambia, kwa maneno mengine ya heshima.

Siku ya kikao walinipa kiti cha ngozi kinachozunguka. Nikazunguka mara moja ili wajue nimewahi kukalia. Nikawasimulia ya jangwani, nikawasimulia mchezaji aliyekuwa akiukasirikia mpira hadi akaurudisha dukani. Mzee Saruji alicheka akavua miwani kufuta macho. Nilikuwa nimewashika, Shemeji, wote kama kuku wa mtego. Ningewaambia waihamishe zahanati wangeihamisha.

Kisha Mzee Saruji akaniuliza, "Basi tuambie, ndugu yangu. Kibaki au kiondoke?"

Nilitafuta kifuani yale niliyokiambia kioo. Hapakuwa na kitu. Ni kama kuteremsha ndoo kisimani ukasikia inagonga mawe. Nikajisikia nasema, "Kiondoke. Mtu akiwa upande ule anatakiwa aonekane." Wakapiga makofi, wakasema hiyo ndiyo hekima. Haikuwa hekima. Na hapa ndipo ninapolifikia swali lako la pili.

Siku ile mdogo wako alikuwa mzima asubuhi. Alinigombeza kwa ajili ya soksi, kwa hiyo alikuwa mzima kabisa. Jioni nilivuta kamba mara mbili. Nikaosha mashine, nikapiga soga na mlinzi, nikavuka kilima taratibu kwa sababu najua chakula hakijaiva. Kutoka juu ya kilima nikaona jiko letu halitoi moshi. Nikasema leo amenisusia kwa soksi, nikatabasamu. Alikuwa amelala kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje, na sufuria mkononi.

Hakuna aliyekuwa karibu naye. Uliniuliza hilo, na hilo ndilo nililokupigia chenga. Binti yako alikuwa kazini, majirani hawajarudi, mimi nilikuwa nyuma ya kilima namwelezea mlinzi habari za mipakani. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata ningekuwa nimemshika mkono isingesaidia. Nilimshukuru. Ni mtu mwema yule, sijui kama alisema kweli. Kama alinisikia siku ile nilipovuta, au alikuwa ameshaanguka, hilo pia silijui. Sufuria mkononi inanifanya nifikiri alinisikia. Ndivyo ilivyokuwa. Sasa unajua ninavyojua mimi.

Katapila ilikuja wiki iliyofuata kikao. Walitaka nikate udongo wa kwanza kwa ajili ya picha, kisha nimpishe dereva wao. Sasa wewe umpandishe dereva wa lori kwenye katapila halafu umwambie ashuke? Dereva wao aliketi kivulini akala karanga, nami nikakata, nikasukuma, nikarudi, nikakata. Bega likiwa bado limefungwa. Watu wakasema mzee ana nguvu. Si nguvu, nilikuwa sisikii kitu tu, na mtu asiyesikia kitu hachoki.

Alasiri, nikiwa upande wa kengele, niligeuza mashine nikanyanyua uso. Kilima kilikuwa kimeshuka hadi magotini. Na pale mbele nikauona mlango wetu wa jikoni. Ule wa bluu, alioupaka mdogo wako mwenyewe kwa mabaki ya rangi ya vigingi vya uwanja, hata pale chini alipoishiwa na rangi nikapaona. Miaka yote nimefanya kazi upande ule, sikuwahi kuuona mlango wangu. Siku zote kilima kilikuwa katikati, nikadhani nyumbani ni mbali. Kumbe ni pale pale. Kumbe bila kilima ningeinua macho tu.

Nilizima mashine. Dereva wao akaja akauliza kuna nini. Nikamwambia imechemka. Akaigusa, akaniangalia, akaenda kuniletea maji na hakuniambia kwamba haikuwa imechemka. Bega lilianza kuuma pale pale, Shemeji, kama lililokuwa linangoja foleni. Liliuma usiku kucha. Binti yako alinikanda kwa maji ya moto, nami nikapiga kelele kama mtoto, na yeye akasema afadhali.

Njia mpya sasa imeshawekwa changarawe, na watu wameanza kuipita kabla haijafunguliwa, kama kawaida yetu. Msanifu amenipa nipande mimi nyasi zote za shimo la tano jipya, na zitakuwa nzuri kuliko za jangwani. Mzee Saruji alipata habari za mdogo wako, sijui kwa nani, ingawa binti yako akimpikia mtu chai humpa na siri. Akanifuata akitaka benchi moja la bustani liandikwe jina la mke wangu, kwa gharama yake. Nilimshukuru nikakataa. Nilimwambia huyo mama hakujua kukaa, ukimwekea benchi unamwadhibu. Akafikiri kidogo, akasema basi nichukue kengele. Hiyo niliichukua.

Nimeitundika mlangoni pa jikoni. Kamba nimeweka mpya. Bado hakuna aliyeivuta. Binti yako anaipita kwa kuinama, mimi naipita kwa kugeuza uso, ingawa jioni sufuria anaibandika vilevile, maana kutoka dirishani sasa ananiona nikiosha mashine.

Uliandika kwamba unaona haya kuja, kwa sababu hukuwahi mazishi. Mtoto wa watu ulikuwa na goti na mvua na barabara imekatika, ulitaka uje kwa kuogelea? Njoo tu. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji mwenyewe sasa unajua anaumwa wapi. Shuka kituo cha basi, fuata njia ya changarawe, hakuna mpira utakaokupiga. Ukifika usibishe hodi. Vuta kamba mara mbili. Nikiwa kazini nitainua macho, nitakuona umesimama pale mlangoni, kisha nitaangusha mashine chini bila kuiosha.

Nisalimie bwana wako, mwambie aje na koromo lake, nyumba imezidi ukimya. Wasalimie wajukuu wote, wenye majina na wasio na majina bado. Mjomba mlevi mwambie nimemsamehe ile redio aliyoiazima, ila airudishe. Binti yako anamsalimu mama yake mkubwa, anasema atakulaza kitanda chake.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani, na akujalie goti la kupanda basi.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda hata ninapokupiga chenga,

Bingwa wa Nyasi