Agizo Lako Naliheshimu, Baba

Buffalo, 3 Mei 2015

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje leo? Mimi mzima, nimenenepa, wasichana wa North Buffalo wanageuka nikipita. Kwa kuwa simu yangu huipokei, nakuandikia; karatasi haina sauti ya kukuudhi.

Nimepata kazi Kenmore, namtunza mzee wa Kihispania, Fermín, mtu wa Navarra, jimbo la Hispania. Namshikia vitabu, ananieleza. Mimi niliyekimbia shule, sasa mwanafalsafa! Anasema babu zake walivaa kofia nyekundu wakipigania desturi za kwao. Kwao familia na kijiji vilitangulia, serikali ikaja baadaye. Mfalme aliapa kwanza kulinda desturi za kila mji. Akileta amri ya kuzivunja, mji unamjibu: "Agizo lako tunaliheshimu, lakini hatulitekelezi."

Basi hukumu ya wazee wenu, kwamba nije Louisville kumwomba radhi Mzee Eliezer: naiheshimu, siitekelezi! Gari lake nililichukua bila kuuliza, nikalikwaruza, nikalitengeneza. Kuwaita wazee watu wa viti vya plastiki, eti Amerika ina majaji, ulikuwa utani. Niwekeni kwenye spika ya simu niseme samahani, yaishe.

Ila nyumbani napakumbuka, baba. Maharage ya huku yanaiva tu, hayapikwi.

Mwanao,
Gaudiosi


Louisville, 20 Mei 2015

Gaudiosi mwanangu,

Marahaba. Mgongo ninao. Mama yako anakusalimu. Bado anapakua sahani yako kwa kusahau.

Mhispania wako ana akili, ila wewe umesikiliza nusu. Waliomjibu mfalme walikuwa mji mzima. Wewe si mji. Mji ni sisi tuliosuluhishana katika kambi ya wakimbizi Tanzania miaka yote ile bila polisi, tukaja na baraza letu hadi huku. Wewe ni mmoja aliyetoka, na pengo lako tunaliona kila Jumapili.

Uliwatukana wazee kumi na wawili. Utalifuta neno hilo mbele ya haohao, umesimama, kisha wewe na Eliezer mnywe pombe ya chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, ndiyo mmepatana. Kwenye simu nani ataona kama umesimama? Ukishakunywa, nitapokea simu zako zote, hata za upuuzi.

Fanya haraka. Eliezer anahamia Iowa tarehe 27 Juni. Akiondoka, baraza halitimii.

Baba yako,
Sipriani


Columbus, 28 Juni 2015

Baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Niko kwa dada Delfina. Juni nzima nilijifanya nimebanwa na kazi. Uongo. Nilimsomea Fermín barua yako, akacheka mpaka akakohoa. "Baba yako ni mtu wa Navarra," akasema, "nenda kabla sijakufukuza."

Jana nilifika mtaani kwenu saa tisa alasiri. Kwa Eliezer madirisha hayana mapazia, ndani hakuna hata kiti. Nikamwona mama anaanua nguo. Alikuwa anaimba. Mimi bingwa wa maneno nikakosa hata la kumwita, nikageuka na basi lilelile.

Nimechelewa, sivyo? Basi niambie tu ulikuwa wimbo gani, nirudi nao Buffalo.

Mwanao, kama bado naruhusiwa,
Gaudiosi


Louisville, 1 Julai 2015

Mwanangu,

Umekula? Mwambie Delfina akulazimishe.

Eliezer alichelewesha lori kwa saa tatu akikungoja. Ulipokosekana, akaomba chungu kiletwe. Akanywa sehemu yake mbele ya wote, akaacha mrija wake umesimama ndani. "Akija, anywe," akasema. "Mimi nimeshakunywa naye."

Desturi haisemi hivyo. Wazee walibishana mpaka wakapandisha sauti. Mmoja wao, Mama Agata, akawauliza wenzake: "Desturi hii ni ya nani, ya serikali? Si yetu? Basi tuinyooshe imfikie mtoto." Wakakubali.

Hujasamehewa bado. Wamebaki kumi na mmoja, na utasimama mbele yao. Jumamosi hii ni sikukuu, hakuna aendaye kazini. Mrija bado umo.

Wimbo mwulize mama yako mwenyewe.

Usiijibu barua hii.

Baba yako