Ua la Miiba Nyuma ya Jiko

Jumamosi, Novemba, alasiri.

Joto limebana. Mawingu yamekusanyika upande wa Igalula tangu asubuhi, lakini hata tone moja halijaanguka. Nimekaa nyuma ya jiko, daftari magotini, mahali ambapo hadi Jumatatu palikuwa na ua la mama.

Mama tulimzika Jumatatu hiyohiyo. Kesho tunaanua matanga, na baba atatoka ndani. Kwa desturi ya nyumba yetu mume aliyefiwa hakanyagi uani mpaka siku hiyo. Anakaa chumbani juu ya mkeka, na watu humfuata humo kumpa pole.

Nami nimemdanganya siku nne mfululizo.

Miaka mitatu iliyopita mke wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, ambaye mama alikuwa akimfulia nguo, alirudi kwao Uingereza. Alimwachia mama mzizi mmoja uliofungwa kwenye gunia bichi, akasema unaitwa akanthasi. Mama alifika nyumbani akicheka. "Wenzangu wanaachiwa sufuria, mimi nimeachiwa mzizi!"

Tuliupanda pamoja kwenye kivuli cha ukuta, maana jua la Tabora lingeunguza majani. Tuliunywesha maji ya kuoshea vyombo. Kiangazi cha kwanza majani yalikauka yote, nikalia nikidhani limekufa. Mama alifunika shina kwa nyasi, akaniambia niache kulilia kitu kilicholala. Mvua za kwanza ziliponyesha, liliamka.

Majani yake ni mapana, yamechanikachanika kama ya mpapai, na kila ncha ina mwiba. Kitabu kimoja shuleni kinasema mafundi wa Kiyunani wa zamani walichonga majani hayo kwenye nguzo za mahekalu. Nilipomsimulia mama, alikuwa anajing'oa mwiba kisiginoni. "Hao walikuwa na viatu," alisema.

Miaka miwili halikutoa ua. Mwezi uliopita, katikati ya majani, likachomoza shada moja lililosimama wima kama suke la mtama, likanifika kifuani. Mama alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Kila jioni baba alikuja mlangoni mwa jiko kuniuliza, ili akamwambie.

"Limefunguka?"

"Bado, baba."

Jumatatu wanawake walikuja kutoka Ipole na Tura na mikeka yao. Mahali pa kukaa hapakutosha. Shangazi Kalunde, dada yake baba, akashika jembe.

"Miiba yote hii mnamfugia nani? Watu wakae wapi, juu ya sindano?"

Wanawake waliokuwa wakilia walicheka kidogo, kisha wakaendelea kulia. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nimeshika bakuli la kunawia. Nililiona shada. Maua mawili ya chini kabisa yalikuwa yameanza kuchungulia, meupe, chini ya vikofia vya zambarau. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: Shangazi, acha.

Sikusema.

Mimi huwa sisemi. Darasani najua jibu na namwachia mwingine alitoe. Kumkataza shangazi mbele ya wageni, siku ya maziko, niliona ni utovu wa adabu. Alipiga jembe mara sita. Mafiga yakawekwa palepale, na ugali wa msiba ukapikwa juu yake.

Kesho yake baba aliniita chumbani. "Mwanangu, lile ua la mama yako, limefunguka?"

Bado, nilisema. Jumatano, bado. Alhamisi, bado. Jana, bado.

Leo mchana nilimpelekea chakula. Nilijua kesho atakuja huku kabla ya kwenda kokote. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, hata kwamba nilikuwa nimesimama nikitazama.

"Nililisikia jembe," alisema baba. "Chumba hiki na jiko ni ukuta mmoja. Nilimsikia hata Kalunde na sindano zake."

"Mbona hukumwita, baba?"

"Na wewe je?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Sasa kwa nini uliniuliza kila siku?"

Alitazama ugali uliokuwa unapoa. "Ulipokuwa ukisema bado, nilijiona kama nina mtu wa kumpelekea jibu."

Akanawa mikono bila kula, nami nikatoa vyombo.

Sasa niko hapa. Nimechimba kwa kijiti nikakuta majivu na udongo ulioungua. Shada lenyewe sikulipata. Nadhani lilichomwa pamoja na kuni.

Kesho baba atatoka, nasi tutasimama hapa wawili. Swali lile hataliuliza tena. Jioni itakapofika, na hakuna anayeuliza, nitafanya nini?