Nilipogeuka Getini

Naguru, Kampala

Mjukuu wangu Akello,

Barua yako imefika. Huku tuko salama. Mama yako amehamishia duka Kansanga, na goti langu limetulia.

Unasema mwalimu anawafundisha safari ya shujaa, kila mwanafunzi asimulie ya kwake. Siku ya zamu yako ulifika mlangoni mwa darasa, ukarudi bwenini. Sasa unataka kujitoa, kwa kuwa wewe si shujaa.

Nilipokuwa polisi mpya, sisi askari wanawake tulipika pamoja Jumapili, tukisimuliana tulivyoingia kazini. Zamu yangu ilipofika nilisimama wima, mikono ubavuni, nikatoa ripoti: nilitoka Gulu alfajiri, nikafika kambini, nikapokelewa. Wenzangu waliendelea kumenya matoke.

Jirani yetu Mkenya, Mama Atieno, ndiye aliyeniangalia. "Na pale getini hukuogopa?"

Nikakaa chini. Nikawaambia kwamba nilipoliona geti niligeuka, nikarudi mpaka kituo cha basi. Basi likachelewa, nikapata muda wa kufikiria nitamwambia nini mama yangu, na geti lenyewe sijaligonga.

Visu vikasimama. "Ukafanyaje?" wakauliza wote, na mimi nimekaa mbele yao na sare yangu.

Miaka yote ya kazi niliandika ripoti nyingi, na hakuna hata moja iliyofanya mtu aulize hivyo.

Wewe simama tu, uanzie mlangoni.

Ni mimi bibi yako,
Min Okot